Ogata Kenzan, Mfinyanzi wa Kyoto

Katika mji wa Kyoto, nchini Japani, alizaliwa mwaka 1663 mwana wa tatu wa mfanyabiashara tajiri wa nguo za hariri. Baba alipofariki mwaka 1687 aliwaachia wanawe mali nyingi. Korin, kaka mtu, alikuwa mchoraji wa kipawa kikubwa, lakini fedha hazikukaa mkononi mwake. Urithi wake ukayeyuka. Mdogo wake, ambaye ndiye tumwelezaye, alipenda vitabu na utulivu. Alijenga nyumba nje kidogo ya mji, karibu na tanuri la Ninsei, fundi mkuu wa zama zile, akajifunza ufinyanzi.

Mwaka 1699 aliwasha tanuri lake mwenyewe huko Narutaki, kaskazini-magharibi ya mji, na kwa sababu ya upande huo akajiita Kenzan, yaani mlima wa kaskazini-magharibi.

Vyombo vyake vingi vilikuwa vya karamu ya chai. Askari aliyezoea kunywa chai kwa kikombe cha bati, tena amesimama, huenda akashangaa: karamu hiyo ilikuwa na taratibu kali mithili ya gwaride, na mwenye upanga aliuacha nje. Mgeni alilizungusha bakuli mikononi akalichungua kabla ya kulirudisha. Dosari haikuwa na pa kujificha.

Kenzan alizipaka sahani za mraba udongo mweupe hata zikafanana na karatasi. Korin akachora juu yake kwa rangi ya chuma, mistari michache ya haraka, kama wafanyavyo wachoraji wa wino mweusi. Kenzan akaongeza mwandiko wake. Sahani moja, yenye mshairi wa Kichina akitazama shakwe, imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa, Tokyo. Lakini mchoro wa wino hukauka ukawa umekwisha, na huu ulikuwa bado kupita motoni, ambako jasho la ndugu wawili lingeweza kupotea usiku mmoja.

Sifa haikuleta utajiri. Mwaka 1712 aliliacha tanuri la Narutaki akahamia mjini. Korin akafariki mwaka 1716. Mnamo mwaka 1731, akikaribia umri wa miaka 70, alikwenda Edo, ndiyo Tokyo ya leo, akaanza upya. Huko, mwaka 1737, aliandika kitabuni siri za kazi yake, pamoja na zile alizorithi kwa Ninsei, siri ambazo mafundi wengine walizificha hata kaburini. Alifariki mwaka 1743. Jina la Kenzan lilirithiwa na mafundi waliomfuata, na katika karne ya 20 likamfikia Mwingereza, Bernard Leach.