Cousteau na Pumzi za Chini ya Bahari

Jacques-Yves Cousteau alizaliwa Ufaransa mwaka 1910. Alikuwa mwanamaji wa jeshi aliyetamani urubani, lakini ajali ya gari ilimvunja mikono. Akaogelea ili arudishe nguvu, na bahari ikamteka.

Mwaka 1943, yeye na mhandisi Émile Gagnan waligeuza valvu ya gesi ya magari ikawa chombo cha kuzamia. Ndani mna kiwambo cha mpira: mzamiaji avutapo pumzi, hewa huja kwa nguvu sawa na ya maji yanayomzunguka.

Cousteau alifariki mwaka 1997. Wanaotunza vyombo hivyo vya zamani huvisuuza kwa maji matamu na kubadilisha mipira iliyochakaa. Huko chini, baada ya Mola, roho hutegemea kipande cha mpira.