Tartaglia, mwenye kigugumizi aliyeifuata risasi ya mzinga

Tartaglia si jina la ukoo. Ni jina la utani, na katika Kiitalia lina maana ya mtu mwenye kigugumizi. Niccolò alilipokea kama alivyopewa, akaliweka kwenye vitabu vyake, na leo hakuna anayemtafuta kwa jina lingine.

Alizaliwa Brescia, kaskazini mwa Italia, mnamo 1499 au 1500. Baba yake alikuwa tarishi aliyepeleka barua kwa farasi. Aliuawa Niccolò akiwa na miaka kama sita, akaacha mjane na watoto wasio na kitu. Februari 1512 jeshi la Ufaransa liliuteka mji huo na kuupora. Mama na watoto walikimbilia kanisa kuu pamoja na watu wengine, lakini askari waliwafuata humo humo. Niccolò alikatwa kwa upanga mara tano kichwani, na pigo moja lilipasua taya na kaakaa. Pesa ya mganga haikuwapo. Mama aliiga mbwa anavyojilamba kidonda, akayasafisha majeraha ya mwanawe siku baada ya siku mpaka yakafunga. Kijana alipona, ila maneno yalianza kumkwama mdomoni, na watoto wenzake wakampa lile jina. Alipokuwa mtu mzima alifuga ndevu ili kuficha makovu.

Habari hizi tunazo kwa sababu alizisimulia mwenyewe katika kitabu chake cha 1546. Humo anaeleza pia elimu yake ya darasani, na maelezo ni mafupi kwa kuwa elimu yenyewe ilikuwa fupi. Akiwa na miaka kama 14 alipelekwa kwa mwalimu wa kuandika, ambaye alilipwa kwa awamu kadiri alfabeti ilivyosonga mbele. Walipofika herufi K pesa ikaisha. Msomaji wa kwetu anayejua minervali ni nini hahitaji kufafanuliwa zaidi. Herufi zilizobaki alijifunza peke yake, na baada ya hapo hakupata mwalimu mwingine.

Akawa mwalimu wa hesabu Verona, akifundisha hesabu za biashara, na huko ndiko swali lake kubwa lilikomkuta. Mwaka 1531 rafiki yake mmoja, mpiga mizinga hodari, alimuuliza mzinga uinuliwe kiasi gani ili risasi ifike mbali kuliko zote. Tartaglia, ambaye hakuwa mpiga mizinga, alifikiri akajibu: digrii 45, katikati kabisa ya ulalo na wima. Mpiga mizinga mwingine alikataa, akasema pembe hiyo ni kubwa mno, afadhali 30. Wakawekeana dau, wakaenda uwanjani nje ya mji na mzinga mmoja. Risasi ya digrii 45 ilikwenda vipimo 1972 vya Verona, kila kipimo kikiwa na futi sita; ile ya digrii 30 ilikwenda 1872. Tartaglia alishinda.

Tofauti hiyo ya vipimo 100 inastahili kutazamwa. Kama uzito peke yake ndio ungekuwa unaivuta risasi, pembe ya digrii 30 ingeifikisha kwenye vipimo kama 1708 tu. Kilichopunguza pengo ni hewa, ambayo huizuia zaidi risasi inayokaa angani kwa muda mrefu. Kwa hiyo siku ile uwanjani mambo matatu yalikuwa yakiiandika njia ya risasi: kasi na mwelekeo ilivyoutoka nao mzinga, uzito ulioivuta chini, na hewa iliyoipinga. Tartaglia alishinda dau kabla hajaweza kuyatenganisha.

Na kilichomzuia, kwa maoni yangu, ni msamiati. Tangu zamani za Aristotle wasomi walikuwa na maneno mawili ya mwendo. Jiwe linaloanguka lina mwendo wa asili. Jiwe lililorushwa lina mwendo wa kulazimishwa. Maneno hayo yalidhaniwa hayachanganyiki: kitu kina huu au kina ule. Tartaglia alipochapisha kitabu chake cha kwanza huko Venice, Nova Scientia, mwaka 1537, alikubali kanuni hiyo. Ndipo akalazimika kuichora njia ya risasi kwa vipande: kwanza mstari ulionyooka wa mwendo wa kulazimishwa, kisha kipande cha duara, kisha mstari wa wima wa kuanguka. Mchoro wa mtu anayeona mkunjo kwa macho lakini lugha yake haina neno la kuueleza.

Hata kukichapisha kitabu hicho kulimsumbua. Katika utangulizi wake kwa mtawala wa Urbino, Francesco Maria della Rovere, anaeleza kwamba wakati fulani aliona ni aibu na dhambi kukamilisha ufundi wa kuua watu, akayaharibu maandishi yake yote ya mizinga. Baadaye Sultani Suleiman alipokuwa akijiandaa kuishambulia Italia, aliona kwamba kuficha ujuzi huo si halali tena. Msomaji anaweza kumwamini au kuhisi kwamba amejipatia udhuru unaomfurahisha mkubwa aliyeandikiwa kitabu. Mimi namwamini nusu. Aliyekatwa uso kanisani akiwa mtoto alikuwa na haki ya kuogopa silaha, na pia alikuwa na sababu ya kutaka mji ulindwe.

Miaka tisa baadaye, katika kitabu cha 1546 kilichotajwa hapo juu, alijisahihisha hadharani. Kimeandikwa kwa mtindo wa mazungumzo, na anayeuliza mwanzoni ni huyo huyo mtawala wa Urbino, jemadari wa majeshi ya Venice, aliyekuwa amekwisha kufariki mwaka 1538. Tartaglia anamweleza kwamba hakuna sehemu yoyote ya njia ya risasi iliyonyooka kabisa, hata hatua chache baada ya mdomo wa mzinga. Uzito hauchukui likizo. Kadiri risasi inavyokwenda kasi, ndivyo njia inavyopinda kidogo, kiasi kwamba jicho linaona mstari, lakini imepinda. Jemadari, mtu wa vita, anaona vigumu kukubali. Sababu aliyoitoa Tartaglia haikuwa kamili, kwa kuwa alidhani kasi hupunguza uzito wa kitu. Hata hivyo wazo la uzito unaofanya kazi njia nzima lilikuwa sahihi.

Hatua iliyobaki ilikuja na Galileo, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1638. Aliacha kuuliza mwendo ni wa aina gani, akaugawa mara mbili kwa wakati mmoja: kwenda mbele kwa kasi ile ile ya kuanzia, na kuanguka kwa kasi inayoongezeka. Simama kwenye baraza la ghorofa, mita 20 juu ya ardhi, urushe embe kwa ulalo. Tukiisahau hewa, litafika chini baada ya sekunde kama mbili, ulirushe polepole au kwa nguvu. Ukilirusha kwa mita 5 kwa sekunde litaangukia mita 10 mbele; kwa mita 10 kwa sekunde, mita 20. Kani ni ile ile, muda ni ule ule, lakini mwanzo tofauti umezaa njia tofauti. Mkunjo huo ni parabola, na hauna kipande kilichonyooka.

Galileo naye aliandika kwa Kiitalia na kwa mazungumzo. Tartaglia alikuwa amemtangulia katika njia hiyo. Mwaka 1543 alitoa tafsiri ya Kiitalia ya jiometri ya Euclid, ya kwanza kuchapishwa katika lugha hai ya Ulaya, wakati chuo kikuu kilisoma kwa Kilatini. Wapiga mizinga, mafundi na wafanyabiashara waliomuuliza maswali hawakujua Kilatini. Sisi tunaojadili kwa Kiswahili nje ya ukumbi na kuandika mitihani kwa Kifaransa tunaielewa hali hiyo kutoka ndani. Asitukuzwe kupita kiasi, hata hivyo: mwaka huo huo alitoa maandishi ya Archimedes kwa Kilatini, tafsiri ya William wa Moerbeke wa karne ya 13, bila kumtaja mwenyewe.

Ni jambo la kushangaza kidogo, kwa sababu malalamiko makubwa ya maisha yake yalikuwa juu ya kuibiwa. Kanuni yake ya kutatua milinganyo ya kipeo cha tatu alimpa Girolamo Cardano mwaka 1539, ikiwa imefichwa ndani ya shairi, kwa kiapo cha siri. Mwaka 1545 Cardano aliichapisha, akimtaja Tartaglia, baada ya kugundua kwamba Scipione del Ferro alikuwa ameipata kabla yao. Tartaglia hakusamehe. Ugomvi ulimfikisha Milan, Agosti 10, 1548, kushindana kwa mdomo mbele ya watu na Ludovico Ferrari, kijana mwenye ulimi mwepesi na mwanafunzi wa Cardano. Mwenye kigugumizi, ugenini, katika mji wa mpinzani wake! Aliondoka kabla shindano halijaisha.

Aliwahi kurudi Brescia kufundisha, akakaa muda mfupi bila kulipwa alichoahidiwa, kisha akarejea Venice. Huko alianza kuchapisha kitabu kikubwa cha hesabu na vipimo, bado kwa Kiitalia. Alifariki Desemba 13, 1557, akiwa maskini, na sehemu za mwisho za kitabu hicho zilitoka mwaka 1560.