Pearl Buck: Mama wa watoto waliokataliwa

MWANDISHI Pearl Buck alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mnamo 1938, ulimwengu ulimjua kwa riwaya zake kuhusu wakulima wa Uchina. Ni wachache waliojua kiu yake ya kuwa mama.

Alizaliwa Marekani mwaka wa 1892, akalelewa Uchina na wazazi wamishonari. Bintiye wa pekee wa kumzaa, Carol, alikuwa na ulemavu wa akili, naye Buck hakuweza kuzaa tena. Hivyo akaanza kuasili.

Mnamo 1949, mashirika ya Marekani yalishindwa kumpatia makao mtoto chotara mwenye damu ya Kihindi. Desturi ilidai mtoto na walezi wafanane rangi. Buck alimpokea nyumbani kwake Pennsylvania, kisha akaanzisha shirika la Welcome House kuwatafutia wazazi watoto wenye asili ya Asia.

Kizingiti kingine kilikuwa sheria ya uhamiaji. Tangu 1943, Wachina walitengewa nafasi 105 tu kwa mwaka. Wajapani walifungiwa mlango hadi 1952. Watoto wengi waliozaa wanajeshi wa Marekani barani Asia walibaki huko bila baba. Buck mwenyewe aliasili wasichana wawili waliozaliwa na wanajeshi wa Marekani, mmoja kutoka Ujerumani, mwingine Japan.

Hata hivyo, alitambua kuwa wengi hawangesafiri kamwe. Mwaka wa 1964 alianzisha wakfu wa kuwasaidia huko huko walikozaliwa.

Alifariki Machi 6, 1973, akiwa na umri wa miaka 80. Aliasili watoto saba.