Kalisto, Mtumwa Aliyekuwa Askofu wa Roma

Wapendwa, huyu Kalisto alianza kama mtumwa. Bwana wake, Mkristo aitwaye Carpophorus, alimpa fedha aendeshe benki mjini Roma. Wajane na waumini wakaweka akiba zao humo. Zikapotea zote! Kalisto akakimbilia melini, na alipoona bwana wake anamfuata akajirusha baharini. Wakamwopoa, wakamtia kwenye jiwe la kusagia. Baadaye, kwa fujo aliyofanya katika sinagogi, akapelekwa migodi ya Sardinia.

Marcia, hawara wa Kaisari Commodus, akaomba kwa Askofu Victor, mtu wa Afrika, orodha ya Wakristo waliofungwa huko ili wafunguliwe. Jina la Kalisto halikuwemo. Alilia sana mpaka naye akaachiwa. Askofu Zephyrinus akamkabidhi makaburi ya kanisa, na mwaka 217 hivi akawa askofu mwenyewe.

Akawapokea tena walioanguka katika zinaa wakatubu. Hippolytus, msomi mkali kwelikweli, akakataa, akajitenga na watu wake. Tena karibu yote haya ya benki na migodi aliyaandika yeye, adui yake, kwa hiyo tusome kwa uangalifu. Kalisto alifariki mwaka 222. Mwaka 235 Hippolytus naye alipelekwa Sardinia.