Isaac Newton na Siri ya Rangi

Soma makala yafuatayo kisha ujibu maswali.

Isaac Newton alizaliwa mwaka wa 1642 katika kijiji cha Woolsthorpe, Uingereza, miezi mitatu baada ya babake kufariki. Alipofikisha umri wa miaka mitatu, mamake aliolewa tena na kumwacha alelewe na nyanyake. Baadaye mama huyo alimtoa shuleni ili awe mkulima, lakini kilimo kilimshinda. Akarudishwa masomoni, na mwaka wa 1661 akajiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge.

Mwaka wa 1665 tauni ilizuka, chuo kikafungwa, naye akarejea kijijini. Ni katika kipindi hicho alipozamia uchunguzi wa mwanga. Alitia chumba giza, akaacha mwali mmoja wa jua upenye tunduni na kupita katika kioo cha pembetatu. Ukutani kukatokea ukanda wa rangi, kuanzia nyekundu hadi zambarau. Wataalamu wengi wa wakati huo waliamini kwamba kioo ndicho kilichoutia mwanga rangi. Newton hakuridhika. Aliutenga mwali mwekundu, akaupitisha katika kioo cha pili. Ukabaki mwekundu vilevile. Akatambua kuwa mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi, na kioo huzitenganisha tu.

Ugunduzi huo ulifafanua pia rangi za vitu. Nyanya mbivu huonekana nyekundu kwa kuwa huakisi zaidi mwanga mwekundu na kufyonza sehemu kubwa ya rangi nyingine. Ikimulikwa gizani kwa mwanga wa buluu pekee, huonekana kama nyeusi, maana hapana mwanga mwekundu wa kuakisi.

Newton alitangaza matokeo yake mwaka wa 1672. Robert Hooke, mwanasayansi mashuhuri, akayapinga vikali. Newton, ambaye hakupenda kukosolewa, alijitenga. Hooke alifariki mwaka wa 1703. Mwaka uliofuata Newton akachapisha kitabu chake, Opticks. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka thelathini tangu atangaze matokeo yake. Aliaga dunia mwaka wa 1727, akazikwa Westminster Abbey, London.

Maswali

(a) Newton alithibitishaje kwamba kioo hakiutii mwanga rangi? (alama 2)

(b) Kwa nini nyanya mbivu hubadilika sura katika mwanga wa buluu? (alama 2)

(c) Tabia ya Newton ilimnufaisha na kumdhuru. Thibitisha. (alama 4)

(d) Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumiwa: tauni, kufyonza. (alama 2)