HAYATI PROFESA WANGARI MAATHAI, MAMA WA MITI

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili, ukipanda matatu ya Kawangware ikashuka Valley Road kuelekea tauni, utaipita bustani ya Uhuru Park. Kama si ubishi wa mama mmoja, pale pangesimama jumba la ghorofa 60.

Mama huyo ni Wangari Muta Maathai. Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 kijijini Ihithe, Nyeri. Alisoma Loreto Limuru, na mwaka wa 1960 akasafiri Marekani pamoja na vijana wengine wa Kenya waliopelekwa kwa ndege kusoma huko. Alisomea biolojia hadi shahada ya pili.

Mwanzoni mwa 1966 alirudi Nairobi na barua ya kazi mkononi. Kumbe kazi yenyewe imekwisha kupewa mwingine! Hakufa moyo. Alitafuta mpaka akapata kazi pale Chiromo, ambako alifundisha anatomia ya wanyama. Mwaka wa 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu.

Tarehe 5 Juni 1977 aliandamana na wenzake kutoka KICC hadi Kamukunji, wakapanda miti 7. Miti saba tu, jamani! Huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement. Wakati huo akina mama mashambani walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni, vijito vikikauka na udongo ukichukuliwa na mvua. Wangari akawahimiza waoteshe miche wenyewe, na kwa kila mche ulioshika wakapata senti kidogo.

Mwaka wa 1982 aliacha kazi ya chuo ili agombee ubunge. Jina lake likakataliwa. Kurudi chuoni, nafasi imejazwa, na nyumba ya chuo akatakiwa aihame. Alikuwa na watoto watatu.

Sasa sikiza habari za 1989. Chama cha KANU, kilichokuwa kikitawala, kilitaka kujenga lile jumba ndani ya Uhuru Park, pamoja na sanamu ya rais. Siku hizo watu walinong'ona tu. Wangari alijifunga kibwebwe, akaandika barua kwa wakubwa wa hapa na wa ng'ambo, akaenda hata mahakamani, kesi ikatupwa. Wabunge walimtusi, na shirika lake likafukuzwa katika ofisi ya serikali. Akalihamishia nyumbani kwake South C. Lakini wafadhili walisita, na mwaka wa 1992 ua wa mabati ukang'olewa.

Mwezi huohuo wa Februari aliketi tena bustanini na akina mama waliogoma kula, wakidai wana wao waliofungwa kwa siasa waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia, wakampiga mpaka akazimia. Akina mama wakahamia kanisa jirani la All Saints, wakakaa humo mpaka 1993, wana wao karibu wote walipotoka.

Oktoba 2004 tuzo za Nobel zilitangazwa. Ya tiba ilikwenda kwa Richard Axel na Linda Buck, waliochunguza jinsi pua inavyotambua harufu. Ya fasihi kwa Elfriede Jelinek wa Austria. Tarehe 8 ikatajwa ya amani: Wangari Maathai, Mwafrika mwanamke wa kwanza kuipata. Wengine waliuliza miti na amani vinahusiana wapi, kana kwamba hawajaona watu wakipigania maji na malisho. Yeye alikuwa safarini Nyeri. Alipopata habari, alichimba shimo kwenye hoteli ya Outspan, akapanda mti. Wakati huo shirika lake lilikuwa limepanda miti zaidi ya milioni 30.

Alifariki tarehe 25 Septemba 2011, Nairobi. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, kwa hiyo jeneza lilifumwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Taifa lilimuaga tarehe 8 Oktoba, miaka 7 kamili tangu tuzo ile, papo hapo Uhuru Park. Majivu yake yako Kabete, katika taasisi ya chuo kikuu yenye jina lake.