Florence Nightingale na nyumba yenye ilikuwa inaua wagonjwa

Muntu mwenye anashuka chini ya udongo anajua: kama hewa haipiti, unakufa hata kama jiwe halikukuangukia. Florence Nightingale hakuwa mtu wa mgodi, lakini sehemu kubwa ya maisha yake alipigania hewa, ile ya wagonjwa.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 kule Florence, Italia, na jina lake linatoka hapo. Wazazi walikuwa Waingereza watajiri. Hawakutaka mtoto wao afanye kazi ya hospitali, sababu wakati ule ilionekana kazi ya aibu. Alibishana nao miaka mingi, kisha mwaka 1851 akaenda kujifunza Kaiserswerth, Ujerumani.

Mwaka 1854, wakati wa vita vya Krimea, serikali ilimtuma pamoja na wauguzi wanawake 38 mpaka Scutari, ng'ambo ya Istanbul. Hospitali yenyewe ilikuwa kambi ya masoda wa Kituruki, kubwa sana, na chini yake mifereji ya choo ilikuwa imeziba. Uchafu na harufu vilirudi mpaka ndani ya vyumba. Wale wanawake walifua nguo, walisugua sakafu, walipika chakula kizuri. Lakini watu waliendelea kufa. Mwezi wa pili 1855, kwa wagonjwa 100 wenye kuingia, karibu 42 walikufa. Wengi hawakufa na risasi, walikufa na kuhara, kolera na tifusi.

Mwezi wa tatu ikafika komisyo ya usafi, pamoja na munganga John Sutherland na enjenyere Robert Rawlinson. Hao hawakuleta dawa. Walizibua mifereji, wakatoa farasi aliyeoza katika njia ya maji, wakafungua nafasi za hewa, wakapaka kuta chokaa. Mwezi wa sita vifo vilikuwa vimeshuka mpaka karibu 2 kwa 100.

Aliporudi Uingereza, Florence alikaa na William Farr, fundi wa hesabu, wakapanga vifo mwezi kwa mwezi. Mbele alifikiri masoda walikufa sababu ya njaa na uchovu wenye walitoka nao vitani. Hesabu ikaonyesha kama nyumba yenyewe njo iliwaua. Watu wanakumbuka mama mwenye taa usiku. Mimi naona ile hesabu inapita taa.

Wakati ule ule serikali ilikuwa inajenga hospitali mpya ya masoda kule Netley, pembeni ya bahari. Malkia Victoria alikuwa ameshaweka jiwe la kwanza mwaka 1856. Florence akaangalia plani: korido ndefu upande wa jua, vyumba vya wagonjwa nyuma yake, hewa haina njia ya kupita toka upande huu mpaka ule. Akaenda mpaka kwa waziri mkuu Palmerston, naye akamuunga mkono. Ofisi ya vita ikajibu kama pesa imeshatumika. (Sisi wa sendika hilo jibu tunalijua.) Netley ikajengwa, wakabadilisha kidogo tu. Sehemu kubwa ilibomolewa mwaka 1966.

Mwaka 1859 akatoa kitabu Notes on Hospitals. Alitaka nyumba ndefu zenye kuachana, madirisha pande mbili yakitazamana, vyoo mwishoni na hewa yao ya pekee, kuta na sakafu zenye hazinywi maji. Mfano mmoja aliuona Paris, hospitali Lariboisière. St Thomas ya London, yenye ilifunguliwa 1871, ilijengwa vile.

Kwa miaka mingi hakuamini mikrobe, alifikiri hewa chafu peke yake njo inazaa ugonjwa. Hapo alikosea, lakini juu ya dirisha hakukosea. Mwaka 2007 wachunguzi wa hospitali za Lima, Peru, walitangaza kama vyumba vya zamani, vyenye dari la juu na madirisha makubwa, vinapitisha hewa mingi kuliko vya kisasa, na hatari ya kuambukizwa kifua kikuu inapungua. Sisi wenye vumbi la mawe katika mapafu, huo ugonjwa unatushika mbio kuliko wengine. Kamati zetu zikionyeshwa plani ya dispanseri mpya, zihesabu madirisha mbele ya vitanda.

Toka 1857 ugonjwa ulimlaza mara nyingi, akaandika barua na ripoti zake kitandani. Alikufa London tarehe 13 Agosti 1910, na miaka 90. Familia ilikataa azikwe Westminster Abbey na wakubwa; akazikwa kijijini, East Wellow.